Maharage ya Mbegu Mezani kwa Mwalimu

Panya haibi kwa kuchagua. Akiingia kwenye mfuko hutoboa pembeni, hula alichokutana nacho, na huacha mavi yake kama risiti. Lakini mfuko wangu wa mbegu ulikuwa mzima, unaning'inia pale pale kwenye boriti ya ghala, na kamba imefungwa. Ila fundo halikuwa langu. Mimi hufunga fundo la msalaba, kama alivyonifundisha marehemu mume wangu Velichko. Hili lilikuwa fundo la kamba za viatu.

Nilifungua nikaingiza mkono. Maharage makubwa ya zambarau yalikuwa yamepungua. Madogo ya kahawia nayo yalikuwa yamepungua, karibu sawa na makubwa. Nikajisemea, Fidana, huyu mwizi ana vidole.

Huku kwetu milimani, juu ya mto Arda, mbegu haiguswi mpaka Mei. Mtu anaweza kukopa unga kwa jirani, anaweza kula mkate mkavu na kitunguu mpaka theluji iyeyuke, lakini mbegu haipikwi. Nyumba iliyopika mbegu yake imekwisha kusema kwamba haina wa kupanda. Na hayo maharage aliyachagua Velichko kwa mkono wake mwaka ule wa mwisho, na mimi nimekuwa nikiyapanda na kuyarudisha mfukoni kila mwaka, makubwa kwa madogo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, binti yangu Zlatina, muuguzi katika hospitali ya mjini, ambaye mume hakumpata na hakumtafuta, na mwalimu Yanitsa, mpangaji wa chumba cha juu. Huyu alikuja Septemba kufundisha Kiingereza katika shule ya bondeni. Mtu wa Ruse, kule kwenye mto mkubwa, watu wa tambarare. Sikuwa na ubaya naye, lakini nilikuwa nimeona mambo. Alikunywa kahawa akiwa amesimama. Alipita mbele ya taa ya picha takatifu ya Mama wa Mungu bila kufanya ishara ya msalaba, mkono wenyewe ukiwa mfukoni. Na tangu Krismasi, kila Jumanne na Alhamisi Zlatina akirudi kazini, alipanda juu na mlango ukafungwa.

Sababu niliyopewa ilikuwa mtihani. Zlatina alitaka cheti cha Kiingereza ili apandishwe cheo hospitalini, ndivyo alivyoniambia. Alikuwa ameanguka mara mbili, na mara zote mbili kwenye kuandika.

"Maneno ya kuungia ndiyo yananimaliza, mama," alinilalamikia siku moja akimenya viazi. "'Hata hivyo.' 'Kwa hiyo.' 'Zaidi ya hayo.' Nikiweka mkato, wanataka nukta mkato. Nikiweka nukta mkato, kumbe walitaka mkato."

"Kwa lugha yetu unayaweka wapi?"

"Kwa lugha yetu yanajua yenyewe pa kukaa."

Nikaamini. Lakini hospitali ya mjini wagonjwa wake ni wakata miti na vikongwe kama mimi. Nani kati yetu anaumwa kwa Kiingereza? Hilo swali nililiweka kando kama mtu anavyoweka kando yai asilolijua umri wake.

Alhamisi iliyofuata baada ya kugundua lile fundo, nilipanda ngazi hadi katikati na ufagio mkononi. Mtu mwenye ufagio haulizwi anafanya nini. Nikasikia: *tik*. Kimya. Sauti ya Zlatina ikisema maneno ya kigeni polepole. *Tik, tik.* Kisha neno moja, "hauweva", kama mtu anayepiga mwayo. *Tik.* Kilikuwa kitu kigumu kinachodondoka juu ya ubao wa meza. Mimi nimepepeta maharage maisha yangu yote. Ile sauti siwezi kuikosa.

Kisha nikasikia "mada". Hilo neno nalijua. Zlatina alipokuwa shule aliniletea kikombe kilichoandikwa neno hilo, akanifundisha kulitamka: maana yake mama. "Mada", *tik*. "Hauweva", *tik*. "Mada" tena. Nilishuka ngazi kinyumenyume.

Kesho yake alikuja Sevda, jirani yangu wa ukuta mmoja, kunywa kahawa. Sevda ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza nani kaileta. Nikamweleza nusu. Nusu nyingine alijieleza mwenyewe.

"Wanatupa maharage hao, wanapiga ramli," alisema, kikombe kikasimama hewani.

"Usinichezee, Sevda."

"Shoga, shangazi yangu alikuwa akiwatupia bonde zima maharage. Unadhani mimi siijui hiyo sauti? Wewe huku chini unamwashia taa Mama wa Mungu, huko juu wanamwuliza shetani saa ngapi!"

"Mwalimu ni msomi. Wasomi hawatupi maharage."

"Msomi ndiye wa kwanza. Mjinga anaogopa." Akasogeza kiti. "Na wanataja mama?"

"Wanataja."

"Waliokuja kwa shangazi wakitaja mama walikuwa na swali moja tu: bibi kizee ataondoka lini, na nyumba inabaki kwa nani."

"Zlatina hana wa kugawana naye nyumba."

"Ndiyo maana ana haraka."

Nikamwambia kahawa yake imepoa. Akacheka, akaimaliza, na akiwa mlangoni akanigeukia. "Kuna njia ya kujua. Mtupaji hawezi kula maharage aliyoyauliza. Ulimi unamkauka. Wapikie. Uone nani atakula na nani hatakula."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa Padri Saveli. Nilimkuta nyuma ya kanisa ametandaza msumeno wa injini vipande vipande juu ya gunia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nikamweleza yote.

"Umeona kwa macho?"

"Nimesikia kwa masikio."

"Ulibisha hodi?"

"Padri, nyumba yangu. Nibishe hodi kwangu?"

"Basi ingia bila hodi. Ila ingia." Akapuliza vumbi kwenye skrubu. "Miaka yote ninakuungamisha, mama Fidana, dhambi zako ni zile zile: umemsikia fulani, umemwona fulani. Hujawahi kuniambia umemwuliza fulani."

"Nipe maji ya baraka."

"Chukua. Kunywa wewe kwanza."

Ndivyo alivyo. Nilichukua chupa, sikunywa.

Jumatano, wote wawili walipokuwa kazini, nilipanda na ufunguo wangu kufagia chumba cha mwalimu. Mezani palikuwa na sahani ya maharage, zambarau upande mmoja na kahawia upande mwingine, na juu ya ubao safu zilizoachwa jana yake. Nilizitazama bila kugusa. Safu moja ilikuwa na harage kubwa lenye dogo chini yake, kisha pengo, kisha dogo peke yake. Safu ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na madogo mawili tu na pengo katikati, kama askari wawili waliomshika mlevi kwapani. Mtu anayechezea tu maharage hayapangi hivyo mara mbili.

Nikafanya ishara ya msalaba. Nikayakusanya yote kwenye aproni, ya sahani na ya meza, nikayashusha, nikayanyunyizia maji ya baraka, nikayachemsha na kumwaga maji ya kwanza, nikayarudisha jikoni. Ilikuwa Kwaresima, siku ya mfungo, na maharage ndicho chakula chake. Kitunguu, pilipili nyekundu iliyokaushwa, nanaa mwishoni. Nilikuwa nikijua ninapika nini. Kila nilipokoroga nilijiambia: si mfuko mzima, Fidana, mfuko upo. Lakini mkono ulikuwa mzito.

Walirudi jua likiwa bado juu ya msitu. Nikapakua mabakuli matatu, nikakaa mahali ninapowaona wote wawili bila kugeuza shingo.

Mwalimu Yanitsa alianza kabla sijamaliza sala. Alikula kama mtu aliyepanda mlima. "Mama Fidana, leo umefanyaje? Ganda laini, ndani kama siagi. Kwetu Ruse maharage ni mawe." Akaomba bakuli la pili. Nilimtazama ulimi. Haukukauka. Ulikuwa ukizungumza bila kupumua.

Zlatina hakula.

Aliinua kijiko, akakitazama, akakirudisha. Alilifunua harage moja kubwa kwa ncha ya kijiko. Zambarau hufifia kwenye maji, lakini michirizi myeusi haitoki. Mtu aliyekulia kwenye maharage haya hadanganyiki.

"Mama, haya ni ya wapi?"

"Ni maharage. Kula, yanapoa."

"Haya ni ya mfukoni. Ni ya baba."

Nilikata mkate. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema kimoyomoyo. Mgeni anakula, mwanangu ndiye ulimi umemkauka.

"Umepika mbegu," alisema Zlatina. Uso ulimgeuka mweupe kama chumvi. "Mama, umepika mbegu."

Mtu akidhani unajua, usimkatize.

"Nani kakuambia?" Sauti ikapasuka. "Ni Sevda? Ni mtu wa hospitali? Nilitaka nikuambie mwenyewe baada ya Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani?" nilisema. Lilikuwa neno la kutupa tu gizani, lakini lilimpata. Akaweka uso kwenye viganja akalia. Mwalimu akasimamisha kijiko, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

Yote yakatoka pale mezani, bakuli likipoa. Hakukuwa na cheo hospitalini. Kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee huko Ayalandi, mji uitwao Cork, na kazi ya miaka miwili inayomsubiri. Kila kitu kilikuwa tayari ila cheti. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumamosi ya Lazaro, ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, huko mjini Plovdiv, na wale wa Ayalandi walisema huu ndio wa mwisho watakaousubiri.

"Nilipoona mbegu kwenye bakuli," alisema akijifuta pua kwa kitambaa cha mkate, "nikajua umeamua. Kwamba hakuna wa kupanda, basi hakuna cha kupanda. Ungeweza kunitukana tu, mama. Si kunipikia."

Sasa mnaona nilivyokuwa nimekaa. Nilikuwa nimetega mtego wa mchawi, umenasa kitu kingine kabisa, na aliyenaswa anadhani nilijua nilichokuwa nikitega. Ningeweza kuachia hapo. Lakini jambo langu mwenyewe lilikuwa bado halijajibiwa.

"Na huko juu," nilisema, "mnayauliza nini maharage? Nitakufa lini?"

Mwalimu Yanitsa alipaliwa. Nanaa ikamtoka puani. Alikohoa, akagonga meza, machozi yakamtoka, na mimi sikumpa maji mpaka nilipohakikisha ni kicheko.

"Mama Fidana! Tunatupa maharage? Mimi?"

"Umepanga safu. Nimeziona. Na mmenitaja."

Akavuta sinia la mkate, akachovya vidole kwenye bakuli lake, akatoa maharage yaliyopikwa, makubwa na madogo, akayapanga. Zlatina alikuwa bado ameshika kitambaa machoni.

"Tazama. Dogo ni mkato. Kubwa ni nukta. Kubwa na dogo chini yake ni nukta mkato. Binti yako anaweka alama mahali anapovuta pumzi, na kwa Kiingereza pumzi inadanganya. Nilimweleza kwa kalamu mpaka kalamu ikaisha wino. Halafu siku moja nikamwona huku chini anachambua maharage, anazungumza na wewe, hatazami, na vidole havikosei. Nikasema, basi tumwachie vidole."

"Ukaiba mbegu."

"Mimi nilisema lete maharage. Sikujua kuna maharage na maharage."

Nikamgeukia Zlatina. "Fundo la kiatu."

"Nilikuwa na haraka," alisema.

"Endelea," nikamwambia mwalimu. Sikuwa nimemwamini bado. Msomi anaweza kukuelezea hata moshi.

"Ukiwa na maneno yanayojitosheleza huku," akagusa upande mmoja wa sinia, "na mengine yanayojitosheleza kule, na katikati unataka kusema 'hata hivyo', dogo peke yake halitoshi kuyashika. Unaweka kubwa na dogo kabla ya neno, na dogo baada yake. Lakini kama 'hata hivyo' limejiingiza tu katikati ya maneno ya mtu, hukati. Unalishika huku na huku kwa madogo mawili."

"Kama mlevi na askari."

Akanitazama. "Kama mlevi na askari. Naomba niitumie shuleni."

"Na mimi nimeingiaje humo?"

Hapo akamtazama Zlatina. Zlatina akakataa kwa macho. Mimi nikasema hakuna mtu atakayeondoka mezani.

"Nilimwambia sentensi za kitabuni hazikai kichwani," alisema mwalimu. "Nikamwambia atunge za jambo linalomuuma."

"Zisome. Kwa lugha yetu."

Zlatina akasoma bila karatasi, akitazama sinia, mkono wake ukisogeza maharage yaliyopikwa bila yeye kujua. "Mama yangu hajawahi kulala peke yake katika nyumba hii." Kubwa, dogo chini yake. "Hata hivyo." Dogo. "Nimekubali kwenda."

Taa ya Mama wa Mungu ilikuwa inapiga kelele ndogo, mafuta yanakaribia kwisha. Niliinuka nikaongeza.

"Na lile kubwa la nini pale?" niliuliza nikiwa nimewapa mgongo.

"Kwa sababu kila upande unaweza kusimama peke yake," alisema mwalimu Yanitsa, kwa sauti laini mno.

Nilimwambia aache. Nilijua ananitengenezea methali, na mimi methali za watu wa tambarare sizihitaji. Nikamwuliza badala yake: "Kazi hiyo ni wewe uliyemtafutia?"

"Hapana, mama Fidana."

"Huko Cork hakuna ndugu yako dalali?"

"Mama!" alisema Zlatina.

"Nimeuliza. Padri amesema niulize."

Hakukuwa na dalali. Kazi ilikuwa imepatikana kupitia muuguzi mwenzake aliyetangulia, na huyo namjua, mama yake tunasimama pamoja kanisani. Lakini kesho yake baada ya misa nilimwuliza mama yake, kwa njia ya kuzunguka, na majibu yakafanana. Ndipo nikakaa na jambo lenyewe.

Ningeweza kulizuia. Sikuhitaji hata kupiga kelele. Ningemwambia mwalimu chumba nakihitaji, naye angehamia bondeni, na bila yeye Zlatina asingepita. Hilo tulilijua sote watatu. Nilikaa nalo siku nzima ya Ijumaa, nikifunga, mbele ya Mama wa Mungu, ambaye naye alimwacha mwanawe aende na hakuambiwa mapema. Sikupata sauti yoyote. Nilichopata ni kwamba mkono wangu, uliokuwa mzito kwenye sufuria, haukuwa mzito nilipofikiria kuufungua ule mfuko kwa ajili yao.

Jumanne walipofunga mlango, nilipanda ngazi na bakuli la mbegu, nikabisha hodi. Kwangu. Zlatina akafungua.

"Haya ni ya kukopa," nilisema. "Yamehesabiwa. Na mlango utabaki wazi."

Nikavuta kiti hadi kizingitini, nikatoa soksi niliyokuwa nikifuma, nikakaa. Nilikaa hapo kila Jumanne na Alhamisi mpaka mtihani. Sikuelewa neno ila "mada", na kila lilipotajwa niliinua macho, nao wakajua nimeinua. Sevda aliniuliza kama ulimi wa mtu umekauka. Nikamwambia wa kwake ungekauka tungepumzika wote.

Jumamosi ya Lazaro mabinti walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiimba na mashada ya maua kichwani, na Zlatina alikwisha kuondoka na basi la kwanza. Alirudi jioni na harage moja kubwa na moja dogo mkononi. Alikuwa ameyatia mfukoni mwa koti bila kuniambia. Mlinzi wa chumba cha mtihani aliyakuta, akayageuzageuza, akayainua kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mwenzake. Wakayaweka kwenye bahasha mpaka mwisho.

"Walishuku nini?" nilimwuliza.

"Hawakujua, mama. Lakini walishuku."

Nikasema hao ni watu makini.

Mei tulipanda. Huku kwetu maharage makubwa hupanda juu ya fito, kwa hiyo unasimamisha fito kwanza, kisha unachimba shimo kando ya kila ufito, mbegu ndani, udongo juu. Mimi nilitangulia na fito, Zlatina nyuma yangu na bakuli. Mwalimu Yanitsa alikuwa ukingoni na viatu vyake vya mjini, anashikilia kamba. Simu ikalia mlio wa ujumbe kwenye aproni ya Zlatina. Akaitoa, akaitazama, na sikuhitaji kuambiwa wala kuuliza. Mgongo wake ulinyooka.

"Mama."

"Maliza mstari kwanza."

Akairudisha mfukoni. Akamaliza mstari wote hadi kwenye ukuta wa mawe, ameinama, hapumziki, mwalimu anakwenda sambamba naye na kamba huku anajiuma midomo. Walipofika ukutani, wakashikana wakaanza kurukaruka na kupiga kelele kama mbuzi waliofunguliwa, na kofia ya mwalimu ikaangukia upande wa Sevda.

Mimi nilibaki nyuma. Mtu anayeondoka anaweza kupanda ovyo. Anajua hatakuwapo kuona kisichoota. Niliwapa mgongo, nikapiga goti kwenye ufito wa katikati, nikafukua shimo moja kwa kidole.

Maharage yalikuwemo matatu, yamekaa mbalimbali, kina cha kifundo cha kidole, kama baba yake alivyomfundisha. Nikayafukia, nikabonyeza udongo, nikaenda kuwasikia.